Kumpunguza Uzito Mbwa Aliyenenepa: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Dar es Salaam

Mbwa wengi wanene ninaowaona ndani ya kuta za nyumba za jiji hili hawakunenepeshwa na mtu mmoja, bali na nyumba nzima. Nililijua hilo siku nilipompeleka mbwa wetu Jimi, chotara wa German shepherd, kuchanjwa chanjo yake ya mwaka ya kichaa cha mbwa, na mizani ikasoma kilo 38. Daktari alimpapasa mbavu, akatafuta kiuno asikione, kisha akauliza swali moja tu: nani anamlisha? Nilimjibu kwamba ni mimi. Niliporudi nyumbani Mbezi Beach nikauliza, nikakuta kwamba dada wa kazi alimpa ugali na dagaa kila asubuhi, watoto walimpa chapati zilizobaki, mimi nilimpa makopo mawili ya punje kavu za chakula cha mbwa jioni, na mlinzi aligawana naye wali na maharage yake usiku wa manane. Mbwa mmoja, wapishi wanne, na kila mmoja aliamini kuwa ni yeye peke yake anayemhurumia.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kumpunguza mbwa uzito huanzia kwa watu kabla ya kufika kwenye bakuli. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu tulioufuata sisi, na nimeongeza mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni unene

Msimamishe mbwa, weka viganja vyako viwili ubavuni mwake na umpapase taratibu bila kukandamiza. Kisha nyoosha mkono wako mmoja mbele yako na upitishe vidole vya mkono wa pili juu ya mgongo wa kiganja: unahisi mifupa iliyofunikwa kidogo tu, na ndivyo mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri zinavyopaswa kuhisiwa. Ukikunja ngumi na kupapasa vifundo vyake, hivyo ni kama mbavu za mbwa aliyekonda. Ukigeuza mkono na kupapasa nyama ya kiganja, ambako mfupa unautafuta kwa kubonyeza, basi umefika kwenye mbavu za mbwa mnene. Mtazame pia kutoka juu, uone kama kiuno kinaingia ndani baada ya mbavu, na kutoka ubavuni, uone kama tumbo linapanda kuelekea kwenye mapaja ya nyuma.

Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ni hali nzuri, na kila alama inayozidi 5 ni ziada ya takriban asilimia 10 juu ya uzito unaofaa. Jimi alipewa alama 8, yaani ziada ya karibu asilimia 30. Ukigawanya kilo 38 kwa 1.3 unapata kilo 29 na ushee, na daktari akaona lengo la kilo 30 linatosha.

Jihadhari na jambo moja linalowapoteza wafugaji wengi. Mbwa mwenye tumbo kubwa lililoning'inia, huku mbavu na uti wa mgongo vimejitokeza, si mnene. Huyo anaweza kuwa na minyoo, maji tumboni, uvimbe au mimba, na kumnyima chakula ni kumwongezea tatizo.

Hatua ya pili: muone daktari wa mifugo kabla ya kupunguza chochote

Yapo magonjwa yanayonenepesha mbwa hata kama hali sana. Tezi ya shingoni ikizalisha homoni pungufu, mbwa hunenepa, huwa mzito wa mwendo, na manyoya hupukutika. Tezi zilizo juu ya figo zikizidisha kazi, mbwa hunywa maji mengi, hukojoa sana, hula kwa pupa na tumbo hutuna. Dawa nazo huchangia: prednisoloni, ambayo hutolewa kwa miwasho ya ngozi, na fenobabitoni ya kifafa, zote huongeza hamu ya kula. Usimkatishe mbwa dawa hizo wewe mwenyewe, bali mwulize daktari.

Mwambie pia kama mbwa amehasiwa, kwa kuwa baada ya kuhasiwa mahitaji yake ya chakula hupungua huku hamu ikipanda, na nyumba nyingi huendelea kumpimia kama zamani. Kuna mbwa ambao njaa yao imo kwenye damu kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba takriban labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya jeni inayohusika na shibe. Mwenye labrador asijilaumu anapoona mbwa wake anaomba chakula dakika tano baada ya kulamba bakuli, lakini pia asikubali kushindwa na macho yale.

Hatua ya tatu: pata mizani unayoweza kuirudia

Macho ya anayemwona mbwa kila siku hayaaminiki, kwa sababu mabadiliko ya gramu mia nne kwa wiki hayaonekani. Mbwa mdogo mbebe, panda naye kwenye mizani ya nyumbani, kisha utoe uzito wako. Mbwa mkubwa mpeleke kliniki, au uombe kutumia mizani ya magunia kwenye duka la vyakula vya mifugo. Ukienda dukani, omba ruhusa kwanza na uende na gunia lako la kutandika, maana wengi wa majirani zetu ni Waislamu wanaochunga twahara na mate ya mbwa kwao ni najisi, na ni adabu kulizingatia hilo bila kungoja kuambiwa.

Pima mara moja kila baada ya wiki mbili, saa ileile, kabla hajala, na uandike. Upungufu salama ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa mbwa wa kilo 38 hiyo ni kati ya gramu 380 na 760. Akipungua kwa kasi zaidi ya hapo, anapoteza misuli pamoja na mafuta, na mbwa asiye na misuli hana cha kumsaidia kuunguza chakula wala kubeba viungo vyake.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya chakula

Kwa hesabu hii kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua uzito unaoulenga, si uzito wa sasa. Uzidishe kwa wenyewe mara tatu, yaani 30 × 30 × 30, upate 27,000. Bonyeza kipeuo cha pili upate takriban 164.3, bonyeza tena kipeuo cha pili upate 12.8, kisha zidisha kwa 70. Utapata karibu kalori 900 kwa siku. Kwa mbwa anayelenga kilo 10 jibu ni takriban 390, kwa kilo 15 ni 530, kwa kilo 20 ni 660, na kwa kilo 40 ni 1,110. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia cha mbwa anayepunguzwa, na daktari wako anaweza kukirekebisha.

Kama unatumia punje kavu za dukani, soma kwenye mfuko zina kalori ngapi kwa kila gramu 100, kwa kuwa zinatofautiana sana. Zenye kalori 350, kwa mfano, zitampa mbwa kama Jimi gramu 257 kwa siku nzima, na wala si kwa mlo mmoja. Nilipozipima hizo gramu 257 kwa mara ya kwanza kwenye mizani ya jikoni, hazikujaza hata kopo moja kati ya makopo mawili niliyokuwa nikimpa jioni peke yake. Ni vyema kila mfugaji alione jambo hilo kwa macho yake, kwa sababu kopo husema uongo: kila mkono hulijaza kwa namna yake, mmoja kwa kusawazisha, mwingine kwa kurundika mlima juu.

Usishuke kutoka kiwango cha zamani hadi kipya kwa siku moja. Punguza kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Na ikiwa kiwango kipya kinakulazimu kukata sana punje za kawaida, mwulize daktari kuhusu chakula maalumu cha kupunguza uzito, ambacho kimeongezewa protini na madini ili mbwa asipungukiwe virutubisho.

Hatua ya tano: kusanya mikono yote kwenye chombo kimoja

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Kila asubuhi pima chakula chote cha siku na ukitie kwenye chombo kimoja chenye mfuniko. Yeyote anayetaka kumpa mbwa kitu, atoe humo. Chombo kikiisha, siku imeisha. Watoto wangu walilielewa jambo hili kwa siku mbili, kwa sababu sikuwakataza kumlisha Jimi, niliwabadilishia tu mahali pa kuchota.

Mlinzi wetu, ambaye ni mtu mzima na mwenye huruma nyingi, hakuridhika. "Mama," aliniambia, "mbwa wa kukesha na njaa atakesha vipi? Mbwa mnene mwizi akimwona anaogopa." Nilimjibu, "Ni kweli baba, lakini mwizi akiruka ukuta, huyu atamfikia saa ngapi?" Hakunijibu papo hapo. Nilimweleza utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, ambapo labrador 48 walilelewa kwa jozi maisha yao yote, na katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Nusu ya waliokula kidogo waliishi hadi miaka 13 au zaidi, na nusu ya wenzao hadi miaka 11.2 au zaidi. Maumivu ya viungo nayo yaliwachelewa waliokuwa wembamba. Karibu miaka miwili ya ulinzi, nilimwambia, kwa bakuli dogo. Tukakubaliana kwamba theluthi moja ya chakula cha siku ibaki kwake, ampe Jimi saa tano usiku, na wali wake aule mwenyewe. Tangu siku hiyo amekuwa msimamizi mkali kunishinda mimi.

Vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na vitolewe ndani ya hesabu. Kwa kalori 900 hiyo ni 90 tu. Yai moja la kuchemsha lina takriban 70. Chapati moja ya mafuta huweza kufika 250 au zaidi, yaani zaidi ya robo ya chakula chote cha siku ndani ya kitu ambacho mbwa hukimeza kwa mara mbili. Badala yake mpe vipande vya karoti au tango. Na kama una mbwa zaidi ya mmoja, walishe mbalimbali, kila mmoja akiwa nyuma ya mlango wake, kisha ondoa mabakuli baada ya dakika kumi na tano.

Hatua ya sita: angalia kilichomo sufuriani

Wengi wetu tunapika. Hakuna ubaya, ila sufuria ya mbwa katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ni ugali mwingi, dagaa wa kunusisha tu, na mafuta ya supu. Wanga na mafuta vimejaa, protini kidogo. Geuza uwiano huo: punguza unga, ongeza samaki au nyama isiyo na mafuta, na ujaze nafasi iliyobaki kwa mboga ili tumbo lihisi limeshiba.

Mfano wa siku moja kwa mbwa anayelenga kilo 30 ni huu: gramu 90 za unga wa dona ukiwa mkavu, gramu 80 za dagaa wakavu waliooshwa vizuri kwa maji ya uvuguvugu hadi mchanga utoke, gramu 120 za kuku asiye na ngozi wala mifupa, gramu 300 za boga, karoti au kabichi iliyochemshwa, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Jumla yake hukaribia kalori 850 na kuacha nafasi ndogo ya kitafunio. Dagaa huliwa na mifupa yao, hivyo huleta kalsiamu. Hata hivyo chakula cha kupikwa nyumbani peke yake hupungukiwa na baadhi ya madini na vitamini, zikiwemo zinki na vitamini E, kwa hiyo ukikitumia kwa miezi mwombe daktari virutubisho vya kuongezea. Usitumie samaki wa chumvi wala kuweka chumvi.

Supu ya mifupa ipoze kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utaona utando mweupe umeganda juu, mgumu kiasi cha kunyanyuliwa kwa kijiko kama kifuniko. Utupe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, na zaidi ya kunenepesha, mlo wenye mafuta mengi kwa ghafla unaweza kusababisha uvimbe wa kongosho, ambao ni ugonjwa wa hatari. Kilichobaki chini ya utando ule ni maji yenye harufu nzuri, na ukinyunyizia kidogo juu ya mboga mbwa atazila bila kubagua.

Vipo vitu visivyopaswa kuingia kwenye chombo kabisa: vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu hata vikiwa ndani ya mchuzi, zabibu, chokoleti, jojo zisizo na sukari zenye zailitoli, yaani kitia utamu cha badala ya sukari, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Maji safi yawepo muda wote, bila kupimwa.

Hatua ya saba: mtoe nje, lakini kwa saa za Dar es Salaam

Mbwa wetu wengi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na watu hudhani kuzunguka uani kunatosha. Jimi akifunguliwa alikuwa akitembea kutoka bandani hadi kwenye kibaraza cha mlinzi, hatua ishirini, akalala.

Mbwa hujipoza kwa kuhema. Unyevu wa kwenye ulimi na kwenye njia ya hewa ukikauka, joto huondoka nao. Hewa ya pwani yetu tayari imejaa unyevu, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, kwa hiyo kuhema kule hufanya kazi nusu, na mbwa mnene amevaa pia koti la mafuta asiloweza kulivua. Toka naye kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na uwe umerudi kabla ya saa moja na nusu, au toka baada ya jua kuzama. Kabla ya kukanyaga lami, weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde saba. Kama huwezi kuvumilia, nyayo zake pia haziwezi. Mbwa wenye pua fupi kama bulldog wanahitaji tahadhari mara mbili.

Anza na dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili kwa siku, kwa mwendo wa kawaida, mbwa akiwa kwenye kamba. Ongeza dakika tano kila wiki hadi ufike nusu saa au dakika arobaini kwa kila tembezi. Usimkimbize, usimrushie mpira wa kuruka, na usimwache aruke kutoka nyuma ya gari, kwani nyonga na magoti yake bado yanabeba kilo zisizo zake. Kama anachechemea siku inayofuata, umezidisha.

Walio karibu na bahari wana neema kubwa. Nenda maji yanapokupwa, utembee kwenye mchanga uliolowa na kushikamana, kwa kuwa mchanga mkavu wa juu humchosha na kumvuta mishipa. Anayependa maji mwache aogelee kidogo, kwani maji humbebea uzito. Beba chupa ya maji ya kunywa kutoka nyumbani ili asinywe ya bahari, na umwoshe chumvi mkirudi. Kabla ya kuanza haya yote, chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe hai na kinga ya kupe iwe imewekwa. Njiani mshike kwa kamba fupi mnapopishana na watu, na upite mbali na misikiti na watu waliokwisha kujitwaharisha.

Ukiona anahema bila kukoma, udenda umekuwa mzito, fizi zimeiva nyekundu, anayumba au anatapika, simama hapo hapo. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpe maji kidogo kidogo akiweza kunywa, kisha umkimbize kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu. Joto likipanda sana huumiza viungo vya ndani, na madhara yake huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Hatua ya nane: uzito ukigoma, na baada ya kufika

Jimi alishuka kilo tatu kwa wiki saba, kisha mizani ikasimama mara mbili mfululizo. Kabla ya kukata chakula, nilifanya uchunguzi ndani ya nyumba na kukuta mlango wa kuku ulikuwa ukiachwa wazi, naye alikuwa akila pumba zao. Tafuta mwanya kwanza. Ukiwa umehakikisha hakuna, na wiki nne zimepita bila mabadiliko, punguza chakula kwa asilimia 5 hadi 10 na uongee na daktari. Usimfungishe kabisa, wala usimpe dawa za watu za kupunguza unene.

Kilo nane zilituchukua miezi mitano na nusu. Siku mizani iliposoma 30, nilitamani kumfanyia karamu, na daktari akanikataza. Anayefika lengo huongezewa asilimia 10 tu ya chakula, hupimwa baada ya wiki mbili, na kama bado anashuka huongezewa nyingine kumi, hadi uzito utulie. Baada ya hapo mpime kila mwezi, na akipanda kwa kilo moja urudi kwenye kiwango cha kupunguza uzito siku hiyohiyo. Chombo chenye mfuniko kimebaki jikoni kwetu, na theluthi ya saa tano usiku bado ni ya mlinzi.